Jenereta Ndogo, Friza Kubwa: Mbona Inazima Ukichomeka Tu?

Cheki YouTube wasee wa majuu wenye RV, zile nyumba ziko juu ya magurudumu. Swali moja hawachoki kuulizana: hii jenereta yangu ndogo ya kubeba na mkono inaweza kuendesha AC ya gari? Mmoja anasema yake inabeba bila noma. Mwingine ana jenereta ile ile, AC karibu ile ile, na kila akiwasha inanguruma sekunde moja halafu kimya.

Sasa wewe uko Kanyakine, Imenti Kusini, mteremko wa Mlima Kenya, mahali mtu analala na blanketi mbili mwezi wa saba. AC ya nini? Hapo uko sahihi. Lakini kama umerudi ocha kuanza biashara, umefungua kibanda cha nyama, yoghati ama soda baridi pale soko, hilo swali ni lako kabisa. Ile AC ya mzungu na friza yako zina moyo mmoja. Unaitwa kompresa. Na kompresa ndiyo inaua jenereta ndogo, Marekani na Meru.

Hii si stori ya mbali. Usiku wa Ijumaa 25 Agosti 2023 stima zilipotea karibu nchi nzima, na sehemu zingine zikakaa giza saa nyingi. Hata JKIA, uwanja wa ndege wa taifa, ulishikwa: jenereta moja ilikataa kuwaka na abiria wakakaa gizani. Waziri wa uchukuzi wa wakati huo, Kipchumba Murkomen, akaomba wananchi msamaha. Kabla mwaka uishe, Novemba na Desemba, stima za nchi zikaanguka tena. Kama uwanja wa ndege unaweza kukwama, wewe na kilo 40 za nyama kwa friza mnafaa kuwa na plani.

Sekunde moja ndiyo shida

Wasee wengi wananunua jenereta kwa kusoma namba mbili tu. Ya kwanza ni wati za friza, labda 150. Ya pili ni ile namba kubwa imebandikwa kando ya jenereta, labda 950. Unapiga hesabu: 950 toa 150, nimebaki na 800, hata TV itaingia. Unalipa, unabeba, unafika base, unachomeka friza. Jenereta inalia kama ng'ombe amekanyagwa, balbu inafifia, halafu puu.

Hapo jenereta inaweza kuwa haina shida yoyote. Ni vile umeipigia hesabu ya friza ambayo tayari imeshika mwendo. Kompresa ni mota inayosukuma gesi kwa mifereji. Ikishakimbia inakula stima kidogo tu. Lakini ili itoke pale imesimama hadi ianze kuzunguka, inavuta stima mara 5 hadi 8 ya ile ya kawaida. Ni kitu ya chini ya sekunde moja. Fikiria kusukuma matatu imezima: ule msukumo wa kwanza ndio unakuvunja mgongo, ikishaanza kubingirika hata mtoi anaweza kuendelea nayo.

Stima ya KPLC haishtuki na hiyo sekunde. Nyuma yake kuna transfoma, na nyuma ya transfoma kuna mabwawa na mvuke wa Olkaria. Nyuma ya jenereta yako kuna injini ndogo ya petroli, basi. Ikiulizwa kitu haina, volteji inaanguka, kompresa inashindwa kuzunguka, na mota imekwama huku inaendelea kuvuta moto mwingi. Jenereta isipozima, friza ndiyo inaungua. Na ukiuliza fundi bei ya kubadilisha kompresa, utatamani ungenunua friza ingine.

Kwa hivyo zunguka nyuma ya friza usome kibandiko. Tafuta ampia, ile herufi A. Chukulia imeandikwa 0.8. Zidisha na volti 240 za Kenya, unapata 192. Zidisha na 6, unapata 1,152. Hiyo ndiyo namba ya kubeba dukani, achana na ile 150. Wakati mwingine kompresa yenyewe, ule mtungi mweusi kule chini, ina kibandiko chake chenye herufi LRA na namba mbele. Hiyo ni ampia inazovuta ikiwa imekwama, so ukiipata huhitaji kukisia na 6. Zidisha na 240, umemaliza. Mimi sikumaliza chuo, na hii hesabu nilikuwa nayo tangu darasa la tano.

Namba ya jenereta pia inadanganya

Sasa geuka uangalie jenereta. Namba kubwa ya kando huwa ni ile inaweza kufika kwa muda mfupi sana. Soma maandishi madogo: kuna ya juu kabisa, na kuna ile inaweza kubeba saa baada ya saa. Zile ndogo za tu-stroke, zenye unachanganya petroli na oili, zinauzwa kila mahali zikiitwa 950, lakini ya kudumu huwa wati 600 na kitu. Honda ile ndogo ya inverta, EU2200i, pendwa sana na hao wasee wa RV, hufika 2,200 lakini kazi ya kudumu ni 1,800. Hao angalau wanakuandikia wazi.

Kitu kingine ni kVA. Ukiona 2.2 kVA usiisome kama wati 2,200. Kwa jenereta nyingi unazidisha na 0.8, so hapo una kama wati 1,760. Wenye maduka hawapendi kukuambia.

Halafu kuna kitu ya Meru hasa, na hii karibu hakuna mtu huongelea. Injini inapumua hewa, na ukipanda juu hewa inakuwa nyepesi. Watengenezaji wenyewe huandika kwa kijitabu kwamba injini hupoteza kama asilimia 3.5 ya nguvu kwa kila mita 300 unapanda. Meru tauni iko karibu mita 1,500 juu ya bahari, na masoko ya huu mteremko hayako mbali na hapo. Gawa: 300 inaingia mara 5. Mara 3.5, umepoteza kama asilimia 17 hata kabla hujachomeka kitu. Ile 950 ya wati 650 za kudumu sasa ni kama 536. Na friza yako inataka 1,152 ya kuanza. Umeona vile ilikuwa imeshindwa hata kabla itoke dukani?

Ndiyo maana msee wa Mombasa anaweza kukuapia jenereta yake inabeba, na yako ya kampuni hiyo hiyo inakataa. Hakuna mwenye anadanganya. Yeye ako karibu na bahari, wewe uko mlimani.

Kwa friza moja ya duka, yenye kompresa ya kawaida, mimi ningeanzia 2.2 kVA kwenda juu kama niko Kanyakine. Chini ya hapo unacheza bahati nasibu. Ukiwa na friza mbili si lazima ununue jenereta mara mbili, bora zisianze pamoja. Washa ya kwanza, ngoja itulie, ndio uwashe ya pili. Shida ni vile baadaye zinazima na kuwaka zenyewe, na kuna siku zitagongana, so acha nafasi. Balbu na simu ziingie mwisho kabisa. Na kama jenereta yako ni ya inverta na ina ile swichi ya kubana mafuta, ya eco, izime kwanza. Kwa eco injini inazunguka polepole, na kompresa ikipiga kelele inakuta injini imesinzia.

Kuna njia ya kukwepa hii vita yote. Friza na friji za kisasa zenye kompresa ya inverta haziruki ghafla. Zinaanza polepole, zinaongeza mwendo kidogo kidogo, so ule mshtuko haupo. Bei iko juu, lakini unaweza kuokoa kwa jenereta. Wasee wa RV wako na dawa yao pia: kidude kidogo kinafungwa kwa AC, kinaipa mota stima kwa kipimo hadi ishike mwendo. AC ya kawaida ya RV, ya BTU 13,500, ikikimbia inakula kama wati 1,300 hadi 1,500, lakini kuanza inaweza kutaka 3,000 na zaidi. Kidude hicho kinaukata huo mruko zaidi ya nusu, ndio unaona Honda ndogo inaendesha AC nzima. So yule msee wa YouTube yake inabeba, uliza kama amefunga hicho kitu kabla umwamini.

Na ukiwa kati ya hawa watu wameanza kugeuza Hiace kuwa nyumba ya kulala, ukitoka hapa baridi ukateremka Isiolo ama Marimanti kule Tharaka, utataka AC kweli. Honda ya 1,800 ukiwa Isiolo, mita kama 1,100, imebaki na kama 1,560. AC inakula 1,300 hadi 1,500. Inabeba, ikiwa na kile kidude, lakini usichomeke kitu kingine, hata heater ya chai. Na joto la nje likipanda kompresa inafanya kazi ngumu zaidi, so saa nane mchana, ile saa unaihitaji zaidi, ndio iko karibu kukataa. Mtu wa sola pia asicheke: inverta yako ya sola inakutana na mruko huo huo, na hesabu ni ile ile.

Imezima. Usirudishe haraka.

Hapa ndipo friza nyingi zinaungulia. Stima imepotea, umekimbia, umewasha jenereta ndani ya dakika moja, umechomeka. Unasikia tik. Kimya. Tik tena. Friza ikizima tu, gesi ya upande mmoja wa mfereji bado ina presha kali, upande mwingine iko chini. Ukiwasha hapo kompresa inajaribu kuanza ikiwa imekabwa koo. Mpe dakika 5, presha itulie pande zote, ndio uchomeke. Ile tik ni kinga ndogo ndani inakata ili mota isiungue, na haiwezi kukuokoa siku zote.

Ile Fridge Guard ya Sollatek umeona kwa ukuta wa kila duka inafanya kazi hiyo: inangoja dakika kadhaa ndio iachilie stima, na volteji ikiwa chini ama juu sana inakata. Watu wakiweka jenereta wanaitoa kwa sababu "inasumbua, inakataa kuwaka". Buda, ikikataa inakuambia jenereta yako inatoa volteji mbovu. Iache hapo.

Angalia waya pia. Ekstensheni nyembamba ya mita 30 inakula volteji kabla ifike kwa friza, na kompresa yenye njaa ya volteji inachemka. Uliza waya wa milimita 2.5, na uinyooshe yote. Ukiiacha imezungushwa kama kamba ya ng'ombe inapata moto.

Sasa pesa. Jenereta ya saizi hii inakunywa kama nusu lita hadi lita moja kwa saa, kulingana na mzigo. Bei ya petroli EPRA hutangaza kila tarehe 14, na wewe unajua vile huwa unashika kichwa. Ukiiwasha usiku mzima, saa 12, hiyo ni lita 6 hadi 12 na faida ya nyama imeisha. Habari njema ni kwamba huhitaji. Friza imejaa na haijafunguliwa hushika baridi kama saa 48. Ikiwa nusu, kama 24. Friji ya kawaida ndio mbaya, saa 4 hivi. So jaza nafasi tupu na chupa za maji zigande, weka karatasi kwa mlango imeandikwa usifungue, washa jenereta saa moja ama mbili, zima, lala. Asubuhi rudia. Mwenye anakufanya upoteze nyama wakati wa giza ni yule kastoma anataka kuchagua kipande mwenyewe akiwa ameshikilia mfuniko wazi. Mwambie kwa heshima: "Mzee, niambie kilo ngapi nikutolee."

Vitu viwili vinaua

Nyama ikioza umepoteza doo. Hivi viwili vinapoteza watu, so soma polepole.

Cha kwanza ni moshi. Vyumba vingi vya soko viko hivi: mbele duka, nyuma mtu analala. Usiku unaogopa jenereta itaibiwa, unaiingiza ndani ama unaiweka kwa korido, unafunga mlango. Injini ya petroli inatoa kaboni monoksidi. Haina harufu, haina rangi, haiwashi macho. Kichwa kinauma, unasikia usingizi na kichefuchefu, unadhani ni uchovu, unalala. Ni gesi ile ile ya jiko la makaa kwa nyumba imefungwa, na unajua matanga yake. Kufungua dirisha haitoshi. Jenereta inafaa kuwa nje, kama mita 6 kutoka kwa mlango na madirisha, ekzosi ikiangalia mbali na watu, na hao watu ni pamoja na jirani. Kama unaogopa wezi, nunua mnyororo na uifunge kwa chuma nje. Mnyororo ni rahisi kuliko jeneza. Hao wa kulala kwa gari pia, moshi unaingia chini ya Hiace bila kubisha.

Cha pili ni ile waya ya dume kwa dume. Unaijua: plagi ya pini pande zote mbili, moja kwa jenereta, ingine kwa soketi ya ukuta, na nyumba yote inawaka. Inakaa ujanja sana. Lakini stima haijui mipaka ya duka lako. Inapita kwa mita, inatoka hadi kwa transfoma, na transfoma inafanya kazi pande zote mbili: ile inashusha volti 11,000 kuwa 240 ikija kwako, inapandisha 240 yako kuwa 11,000 ikienda. Huko juu kwa mlingoti kuna fundi wa KPLC, kijana wa watu, ameambiwa laini imezimwa. Na ikiwa hajafika bado, stima ikirudi ghafla inakutana na jenereta yako uso kwa uso, na pini za wazi ziko mkononi mwako.

Kitu halali inaitwa changeover, swichi kubwa yenye pande tatu: KPLC, zima, jenereta. Haiwezi kuwa pande mbili kwa wakati mmoja, basi. Fundi mwenye leseni ya EPRA anaifunga kabla ya lanchi. Kama doo ya hiyo haijafika, usiguse nyaya za nyumba kabisa: toa ekstensheni moja kwa moja kutoka kwa jenereta hadi kwa friza, wengine wakae na tochi.

Ukienda kununua, kama umeamua kufunga safari ya Nkubu ama Meru tauni, ambia muuzaji unataka kuiona ikibeba kompresa. Balbu hata ya elfu moja haikupi jibu. Duka nyingi za vifaa ziko na friji pale pale kando. Iwe imezimwa dakika 5, jenereta iwake ishike joto, halafu wachomeke hiyo friji wewe ukiangalia. Kisha waizime na warudie mara ya pili baada ya dakika 5 zingine. Muuzaji akianza kukuambia "hii inabeba hata nyumba mzima, trust me" na hataki kuchomeka, enda duka ya pili.